Kuhamisha si Kusafisha: Majitaka ya London na Uhai wa Mto Thames tangu 1858

Historia ya majitaka ya London husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mhandisi mmoja. Katika kiangazi cha 1858, uvundo wa Mto Thames uliwashinda wabunge waliokutana ukingoni mwake, nao wakapitisha haraka sheria ya kugharimia mitaro mikuu iliyobuniwa na Joseph Bazalgette. Simulizi hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Sehemu hii inatetea hoja kwamba mitaro hiyo iliwalinda wakazi wa katikati ya jiji bila kuulinda mto. Kilichoulinda mto ni mitambo ya kusafishia majitaka, nayo ilichelewa kwa miongo mingi.

Ushahidi wa kwanza umo katika mfumo wenyewe. Majitaka yalikusanywa na kupelekwa mashariki, hadi Beckton kaskazini mwa mto na Crossness kusini mwake. Huko yalihifadhiwa katika mabwawa, kisha yakafunguliwa wakati wa maji kupwa ili yachukuliwe kuelekea baharini. Hayakusafishwa. Mafanikio ya mpango huu kiafya hayapingiki: mlipuko wa kipindupindu wa 1866 ulijikita mashariki mwa jiji, ambako kazi ilikuwa haijakamilika, na ndio uliokuwa wa mwisho wa aina yake London. Hata hivyo, maji yaliyopwa hujaa tena, na sehemu ya uchafu ilirudi nayo.

Tarehe 3 Septemba 1878, meli ya abiria Princess Alice iligongana na Bywell Castle karibu na mahali majitaka yalipomwagwa. Watu zaidi ya 600 walikufa. Majitaka yalikuwa yamefunguliwa muda mfupi kabla ya ajali, na hali ya maji waliyozama ndani yake ikazua mjadala mkali. Tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1882 ilishauri uchafu mgumu utenganishwe na maji. Chokaa na chumvi za chuma zikatumiwa kuutuamisha, na kuanzia 1887 tope likasafirishwa kwa meli na kutupwa baharini.

Uchafu ulioyeyuka, hata hivyo, ulibaki majini. Bakteria wa mtoni waliula, na katika kuula walimaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walieleza mbinu mpya: majitaka hupulizwa hewa, na tope lenye bakteria hurudishwa kufanya kazi tena. Bakteria wanafanya kazi ile ile waliyoifanya mtoni, ila sasa wanaifanya ndani ya matangi, kwa saa chache, na kwa hewa inayoletwa na mashine. Oksijeni ya mto huachiwa viumbe wa mto.

Utekelezaji wake London ulikwenda polepole kuliko ongezeko la watu. Uharibifu wa Vita Kuu ya Pili na sabuni mpya za viwandani viliongeza mzigo. Mwaka 1957, Makumbusho ya Historia Asilia ya London yaliutangaza mto kuwa umekufa kibayolojia. Upanuzi wa Crossness katika miaka ya 1960, na wa Beckton katika muongo uliofuata, ndio uliobadili hali. Samaki walianza kurejea, na mwaka 1974 alipatikana samoni, wa kwanza kwa zaidi ya karne moja.

Ulinzi huo una mipaka. Mvua na majitaka hupita katika mitaro ile ile, na mvua ikizidi, mchanganyiko humwagika mtoni kabla ya kufika mtamboni. Ndiyo sababu njia ya chini ya ardhi ya kilomita 25 ilijengwa na kukamilika mwaka 2025.

Kwa mtafiti wa historia ya miji, matokeo haya yanadai kipimo kingine cha maendeleo. Urefu wa mitaro huonyesha jinsi jiji lilivyojiondolea kero. Ili kujua ni nani aliyeibeba kero hiyo, inatupasa kuchunguza kilichotoka mwishoni mwa mitaro, na watu na viumbe waliokuwa wakiishi huko.