Wimbo Uliokimbiza Jeshi

Twasoma katika 2 Nyakati sura ya 20 kwamba Mfalme Yehoshafati aliwatanguliza waimbaji mbele ya askari wake. Pengine wadhani mambo hayo yaliishia katika Agano la Kale. Basi twende Bohemia, nchi ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki.

Huko Jan Hus alihubiri kwa lugha ya watu wake, na tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto mjini Konstanz, miaka 102 kabla Martin Luther hajatoa hoja zake. Wafuasi wake walidai waumini wote wapewe kikombe katika Meza ya Bwana, si makasisi peke yao. Papa akatangaza vita juu yao.

Wengi wao walikuwa wakulima. Ngome yao ilikuwa mikokoteni iliyofungwa kwa minyororo, na tena walikuwa na wimbo. Wimbo huo waanza kwa kuwaita askari wa Mungu wamwombe msaada na kumtumaini. Kisha wawafundisha vita: watii wakuu wao, walindane, wasisimame njiani kwa tamaa ya nyara. Hata asiyejua kusoma aliyashika maagizo hayo, maana aliyaimba.

Tarehe 14 Agosti 1431 jeshi kubwa la Papa, pamoja na Kadinali Cesarini, lilikuwa karibu na mji wa Domažlice. Yasimuliwa kwamba kabla ya kuwaona adui walisikia ngurumo ya magurudumu na wimbo ule, wakakimbia. Kadinali aliponea chupuchupu, akaacha nyuma hata kofia yake. Sauti haikumvunja mtu mfupa. Lakini majeshi kama hayo yalikuwa yameshapigwa mara kadhaa, na wimbo uliwaambia ni nani anayekuja.

Nazistahi beti zake za kwanza. Za mwisho nazisoma kwa moyo mzito, kwa kuwa zawahimiza waimbaji wapige na kuua pasipo kumhurumia yeyote.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Mei 1434, wafuasi wa Hus walipigana wao kwa wao huko Lipany. Pande zote mbili zilikuwa na mikokoteni, wala hapakuwa na mgeni wa kutishwa na wimbo. Prokop, kasisi aliyeliongoza jeshi lile la Domažlice, aliuawa siku hiyo pamoja na wengi wa watu wake.