Meli za Nchi Kavu

Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa bima wa Lloyd's jijini London walipoanza kuletewa magari, hawakuwa na mkataba wa kuyaandikia. Walichokuwa nacho mezani ni mikataba ya meli. Basi wakaliandika gari kama chombo kinachosafiri nchi kavu, wakapokea ada yao, kazi ikaendelea. Habari hii huchekesha, lakini swali linalowakosesha usingizi wenye magari ya kale hadi leo, yaani gari likiteketea nitalipwa kiasi gani, baharini lilikuwa limekwisha kujibiwa.

Mwenye meli aliyeitia nanga London na kuipeleka Bara Hindi asingeweza kusubiri izame ndipo abishane kuhusu bei. Chombo kikiwa chini ya bahari hakuna mthamini wa kukikagua. Kwa hiyo bei ilikubaliwa kabla ya kung'oa nanga, ikaandikwa. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 iliuweka utaratibu huo katika maandishi: thamani iliyotajwa kwenye mkataba ndiyo inayosimama kati ya pande mbili, isipokuwa pawepo udanganyifu.

Magari yalishika njia nyingine. Yalihesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa, na kampuni za bima zikazoea kulipa bei ya sokoni ya siku ya ajali, baada ya kuondoa uchakavu wa kila mwaka. Kwa gari la kwendea kazini hesabu hiyo ni ya haki. Mwaka 1930 Uingereza ilimlazimisha kila dereva kuwa na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayemdhuru, na biashara ya bima ya magari ikatanuka. Ila mwaka huohuo wapenzi wa magari ya mwanzo mwanzo walikutana Brighton wakaunda Veteran Car Club. Hao walikuwa na magari ambayo kila mwaka uliopita uliyaongezea hadhi. Filamu ya Genevieve ya mwaka 1953, ambayo nyota wake ni Darracq ya 1904, iliwazidishia wenzao.

Ikawa mtu ana gari alilolifufua kwa miaka mingi ya jasho, na kampuni ya bima inaliona chuma chakavu.

Jibu lilipatikana zaidi Marekani. Huko, Pennsylvania, kampuni ya Grundy inajitaja kuwa ya kwanza kuleta thamani ya makubaliano kwenye magari ya kale, tangu 1947. Lakini kisa kinachonoga ni cha Frank na Louise Hagerty wa Traverse City, Michigan. Mwaka 1984 walianzisha ofisi ya bima nyumbani kwao, kwa sababu hakukuwa na bima ya maana kwa boti za mbao za zamani. Mwaka 1991 ndipo wakaingia kwenye magari. Baada ya mizunguko yote hiyo, kwao fikra iliyozaliwa kwenye meli ilifika barabarani ikipitia tena kwenye maji. Desemba 2021 kampuni yao iliingia katika soko la hisa la New York.

Bima hizi kwa kawaida huwa nafuu kuliko za kila siku, na si kwa ukarimu. Mwenye gari hukubali masharti: lilale gerejini, litembee kilomita chache kwa mwaka, naye awe na gari jingine la shughuli. Anayelipeleka gari lake la kale sokoni kila asubuhi amenunua bima isiyo yake, hata kama bei ilimfurahisha.

Nayo bei ya makubaliano inaweza kuchacha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa baada ya Enzo Ferrari kufariki Agosti 1988, bei za Ferrari zilipaa, kisha zikaporomoka miaka michache baadaye. Mwenye mkataba wa kilele alikuwa na karatasi yenye thamani kuliko gari. Kinyume chake kilimpata mchekeshaji Rowan Atkinson. McLaren F1 yake, aliyoinunua kwa takriban pauni 540,000, iligonga mti mwaka 2011. Bima ililipa kama pauni 910,000 kuitengeneza, fedha nyingi kuliko bei aliyoinunulia, na bado kampuni haikukosea hesabu: mwaka 2015 gari hilo liliripotiwa kuuzwa pauni milioni 8.

Afrika Mashariki ina magari ya kutosha kuendeleza ubishi huu. Nairobi kuna mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo. Tangu 2003 kuna Safari Classic, inayoyarudisha vumbini magari ya enzi za Safari Rally. Peugeot 404, ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa kubanana ndani yake kuelekea mashambani, ilishinda Safari mwaka 1963 kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Hata hivyo, kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kubwa kwa gari lililozidi miaka kumi na kitu. Humwachia mwenyewe bima ndogo, isiyolipa hata taa yake iliyovunjika.

Mwenye 404 safi anayetaka zaidi ya hapo hana budi kutanguliza ushahidi: ripoti ya mthamini anayetambuliwa na kampuni, picha za kila upande hadi uvunguni, na risiti za vipuri na mafundi. Kisha asome kwa makini mstari wa fidia. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba mara nyingi ni kikomo tu cha malipo, na chini yake kampuni bado ina ruhusa ya kulipa bei ya sokoni. Anachotakiwa kudai ni sentensi inayosema kiasi hicho kimekubaliwa, pamoja na haki ya kukipitia upya kila mwaka. Na akipania Safari Classic atafute bima nyingine kabisa, maana mikataba ya kawaida haigusi mashindano.