Moshi wa Repack

Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na Fairfax, California, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu, nyingi zikiwa za Schwinn. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ilikamata ukikanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini, grisi ilikuwa imeungua na kutoka moshi, ikabidi wajaze nyingine. Njia ile ikaitwa Repack, yaani jaza upya.

Kwangu mimi, historia ya breki za baiskeli za milimani ni historia ya joto hilo. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Breki nyingi za diski za leo husukumwa na mafuta, nayo hayabonyei, hivyo kidole kimoja chatosha. Ila mafuta ya DOT hunyonya unyevu polepole. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, na breki unayoiminya haikamati.

Vijana wale waliona moshi, wakajua. Unyevu hautoi moshi. Ukiwa nyumbani, breki bado ni ngumu mkononi. Ndiyo maana mimi hubadilisha mafuta na kutoa upepo kabla ya mlima, si baada yake.