Siri ya Malaiboni na Wosia wa Mbatian
Kutoka vilima vya Ngong hadi nyanda za Kitengela na Kajiado, uganga wa malaiboni wa Kimaasai ulirithishwa ndani ya ukoo wa Inkidong'i. Kupiga ramli kwa vijiwe vya kibuyu ilikuwa siri ya ukoo. Mwaka 1904 Olonana, mwana wa Mbatian, alitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa. Mwaka 1905 A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni, alichapisha simulizi ambamo Olonana anampokonya nduguye Sendeu urithi kwa hila. Simulizi hiyo inamtawaza Olonana, na papo hapo inamshitaki. Mhakiki anayepuuza hila hiyo husoma hati ya madaraka tu, asisikie shutuma iliyomo.