Gari la mwana chuoni: Bima na matayarisho kabla ya kumkabidhi ufunguo

MZAZI wa Mutomo au Wote anapomnunulia mwanawe gari kuukuu la kwendea chuoni, mara nyingi hutumia jasho la miaka mingi: fedha za mifugo, ndengu au maembe, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Huhangaikia injini na rangi, kisha siku ya mwisho hukata bima yoyote iliyo rahisi. Hapo ndipo hasara huanzia.

Sura ya 405 ya Sheria za Kenya hairuhusu gari kutumiwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo hulipia vifo na majeraha ya watu wengine. Gari lenyewe likipinduka au kuibwa, mwenyewe hubaki mikono mitupu. Tangu marekebisho ya 2006, fidia ambayo kampuni inashurutishwa kumlipa kila mdai haizidi Sh3 milioni. Mahakama ikitoa zaidi, kilichobaki humwandama mwenye gari.

Bima kamili hulipia pia gari la mwenyewe, lakini kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari lililozeeka, na hukagua gari kwanza ili kukadiria thamani yake.

Swali linalopuuzwa zaidi katika fomu ya maombi ni hili: nani ataliendesha gari? Wazazi wengi huandika majina yao kwa kuwa hati ya umiliki ni yao, ilhali gari litalala Kwa Vonza, karibu na bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), likiendeshwa na kijana wa miaka 19 aliyepata leseni juzi. Huo ni ufichaji. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, na kampuni ikigundua kilichofichwa yaweza kukataa dai, au kumlipa aliyejeruhiwa kisha ikamgeukia mzazi ili arejeshe fedha hizo. Ni kweli kwamba dereva mchanga huongezewa malipo, au sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe. Heri kulipa nyongeza hiyo.

Hatari ya pili ni nauli. Mwanafunzi aliyeishiwa na fedha za mafuta hushawishika kuwabeba wenzake hadi Kitui mjini au Machakos kwa malipo. Bima ya gari la kibinafsi haihusu biashara hiyo. Hata abiria wa bure, sheria hailazimishi bima ya gari la kibinafsi imlinde. Mzazi na aulize kama mkataba unamtaja.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA). Waliokuwa na bima ya Blue Shield, iliyowekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka wa 2011, wanajua maana ya kushika cheti kisicho na mlipaji. Siku hizi vyeti hutolewa kidijitali, hivyo uhalali wake ukaguliwe papo hapo.

Kuhusu gari lenyewe, anza na magurudumu. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2019. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limezeeka, na joto la Kibwezi na Makindu halina huruma nalo. Rejeta na mipira yake ikaguliwe, kichujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara kwa sababu ya vumbi, na gurudumu la akiba, jeki na vibao vya tahadhari viwemo.

Mvua ya Novemba ni somo la peke yake. Mito yetu ya mchanga hujaa ghafla hata pale ambapo mvua haijanyesha. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwana aambiwe waziwazi kwamba akikuta maji barabarani asubiri, hata kama mtihani unamngoja. Kampuni nayo iulizwe kama mafuriko yamo katika bima, kwani mikataba mingine huyaacha nje hadi yalipiwe zaidi.

Ajali ikitokea, polisi waarifiwe ndani ya saa 24 na ripoti yao ichukuliwe, kampuni ielezwe mapema kwa maandishi, na mwana asikiri kosa wala kuahidi malipo barabarani. Nakala ya mkataba na nambari ya wakala zikae garini, si katika kabati la mzazi nyumbani.