Afande, cheo hiki tulikitoa wapi?

Wadau, leo naomba tupande Ufipa kidogo. Ukitoka Sumbawanga mjini, ukapita Matai na kuteremka mpaka Ziwa Tanganyika, unafika Kasanga. Wengi wanaijua kwa bandari na migebuka. Wajerumani walipaita Bismarckburg, na boma lao pale ndilo lililokuwa makao makuu ya wilaya iliyoitawala Ufipa.

Waliolilinda boma hilo walikuwa polisi au wanajeshi? Swali linaonekana dogo. Mimi naona bado linatuhusu.

Tuanzie pwani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikuja kuzima vita vya Abushiri. Askari wake wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, wengine walitoka Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Wasudani walikuja na vyeo vya Kituruki vya jeshi la Misri: ombasha, shaushi, na juu kabisa kwa Mwafrika, efendi. Huyo efendi ndiye "afande" wetu wa leo. Kila unapomwamkia trafiki barabarani unatumia neno lililosafiri kutoka Istanbul!

Sare yao ilikuwa kaki, miguu imezungushiwa vitambaa mpaka chini ya goti. Kichwani tarbushi yenye kifuniko cha kaki, kitambaa cha kukinga shingo na jua, na mbele nembo ya tai wa Kaiser. Mwanakijiji akimwona tai yule alijua serikali imefika.

Polisi walikuwa na kikosi chao, lakini walifunzwa kijeshi na kubeba bunduki za kijeshi. Kazi yao? Kulinda boma, kusindikiza wafungwa, kukusanya wapagazi, na kuhakikisha kodi ya nyumba iliyoanza 1898 inalipwa. Ukishindwa, kuna kiboko. "Hamsa ishirini" tunayoitania leo ilikuwa viboko 25, kiwango cha juu kwa mkupuo mmoja. Ya mwizi wa kuku sikuyataja, maana polisi yule hakuletwa kumlinda mwanakijiji. Aliletwa kuilinda serikali dhidi ya mwanakijiji.

Mwaka 1914 Schutztruppe lilikuwa na askari Waafrika kama 2,500, na polisi zaidi ya 2,000. Vita ilipoanza polisi wakaingizwa jeshini, na tofauti ikafutika kabisa.

Upande wa pili wa mpaka hali ilikuwa ile ile. Polisi wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ndio waliokuwa jeshi la koloni lile. Mei 1916 walivuka mpaka pamoja na polisi wa British South Africa chini ya Kanali Murray, na tarehe 8 Juni wakaichukua Bismarckburg. Wakakuta Wajerumani na askari wao wameshatoroka usiku kwa njia ya ziwa, ingawa meli za kivita za Waingereza zilikuwa karibu. Fikiria: polisi wa koloni moja wanateka boma la koloni jingine, na pande zote mbili wenye bunduki wengi ni Waafrika. Wamambwe na Walungu waliokuwa wakiishi huku na huku ya mpaka hawakuulizwa kitu.

Waingereza walipokaa, wakaunda polisi ya Tanganyika mwaka 1919. Tai akaondoka, taji la mfalme likaja. Kaki ikabaki, "efendi" akabaki, boma likabaki.

Leo jeshi letu, JWTZ, lina polisi wake, wale tunaowaita MP, wanaosimamia nidhamu ya wanajeshi wenyewe. Hao kuitwa wanajeshi ni sawa kabisa. Lakini wa mtaani nao tunawaita Jeshi la Polisi. Wakenya, baada ya katiba ya 2010, waliandika "huduma" badala ya jeshi. Kwetu, mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ilipendekeza polisi wafumuliwe na kuundwa upya.

Najua, jina peke yake halimzuii mtu kukupiga kibao kituoni. Hata hivyo jina humwambia kijana anayevaa sare kwa mara ya kwanza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ukiambiwa wewe ni jeshi, utamtafuta adui. Na Sumbawanga, adui huyo atakuwa nani kama si mimi na wewe?