Nani ashike ufunguo wa kompyuta pepe?

Tarehe 25 Julai 2019, wakazi wengi wa Johannesburg wenye mita za malipo ya kabla walishindwa kununua umeme. Mifumo ya City Power, shirika la umeme la jiji hilo, ilikuwa imevamiwa na programu haribifu iliyosimba data zake. Data zilikuwepo, lakini hazikusomeka, kwani ufunguo ulikuwa mikononi mwa wavamizi.

Kanuni hiyohiyo huitawala taasisi inayosimba data zake yenyewe kwa ajili ya ulinzi. Ikiupoteza ufunguo, imejifungia nje.

Kompyuta pepe ni nini?

Ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine halisi. Mashine moja huweza kubeba kadhaa: ya mishahara, ya barua pepe, ya kumbukumbu za wagonjwa. Diski ya kompyuta pepe ni faili tu, na faili hunakiliwa kwa urahisi. Ndiyo maana husimbwa. Kampuni ya VMware iliingiza usimbaji huo katika toleo la 6.5 la programu yake ya vSphere, mwaka 2016.

Ufunguo hukaa wapi?

Funguo ni mbili. Wa kwanza husimba diski. Wa pili husimba ule wa kwanza, nao hutunzwa katika seva ya funguo. Mashine halisi hupewa ufunguo wa pili na kuushika katika kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika, ufunguo hutoweka, na lazima uombwe upya.

Somo la mgawo wa umeme

Katika miaka ya 2022 na 2023, Johannesburg ilikumbwa na mgawo mkali wa umeme. Kenya nayo iliingia gizani tarehe 25 Agosti 2023. Iwapo seva ya funguo ni kompyuta pepe iliyosimbwa kwa funguo zake yenyewe, siku mashine zote zitakapozimika haitawaka tena: ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake.

Kwa hiyo, anayesimika mfumo huu azingatie yafuatayo:

- Seva za funguo ziwe mbili au zaidi, katika majengo yenye vyanzo tofauti vya umeme.
- Seva hizo zisisimbwe kwa funguo zinazozitunza.
- Tarehe za mwisho za vyeti vya utambulisho zifuatiliwe; cheti kikiisha muda, seva haitoi ufunguo.
- Nakala ya funguo iwekwe mbali, na urejeshaji wake ujaribiwe.
- Ufunguo wa zamani usifutwe maadamu kuna nakala za akiba zinazouhitaji.

Data ugenini, ufunguo nyumbani

Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Google ilifuata Johannesburg mwaka 2024. Taasisi ya Afrika Mashariki yaweza kukodi nafasi huko. Hata hivyo, sheria za ulinzi wa data za Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022 hazimwondolei mkusanyaji wajibu wake kwa sababu tu amemkabidhi mwingine hifadhi.

Ufunguo waweza kubaki Nairobi au Dar es Salaam, ili mwenye kituo asizisome diski zilizohifadhiwa kwake. Lakini mawasiliano yakikatika, mashine itakayozimika haitawaka hadi yarejee. Uamuzi huo ni wa uongozi wa taasisi, si wa mafundi peke yao.